GL-4 au GL-5? Oili ya gia kwenye 109 yangu, baada ya miezi kumi

Mi ni fundi umeme wa majumbani, si fundi magari, naliweka hilo mbele kabisa asije mtu akaniuliza habari za pampu ya dizeli. Gari yangu ni Land Rover 109 Series III, dizeli ile ya 2.25, nilinunua 2021 kwa mzee mmoja wa Karatu aliyekuwa anabebea vitunguu vya Mang'ola, na mpaka leo ukifunua mpira wa sakafuni kule mbele unakuta maganda ya vitunguu. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, yangu kadi inasema 1979, kwa hiyo imenizidi umri na ndo maana naiheshimu. Haikimbii, ukiifikisha 80 inapiga kelele kama mashine ya kukoboa, ila inabeba ngazi, mabomba, rola za waya na vijana wawili nyuma na haijawahi kukataa kilima.

Mwezi wa pili 2024 nikawaza hii giaboksi oili yake iliwekwa lini? Mzee hakumbuki, mi sijawahi kuigusa, nikasema ngoja nimwage niweke mpya. Nikaenda duka moja la spea hapa Arusha, jina naliacha, nikamkuta kijana kaunta nikamwambia nataka oili ya gia ya Land Rover za zamani, zile Series. Akashusha chupa mbili za lita moja akaziweka mezani, hii GL-4, hii GL-5. Nikamuuliza tofauti ni nini. Akanitazama kama nimemuuliza tofauti ya usiku na mchana, akasema, "Bro, kati ya nne na tano ipi kubwa? Hiyo nne ni ya kizamani, tano ndo imeboreshwa, mtu anayependa gari yake anachukua tano." Na mimi na akili zangu timamu nikaona kweli, tano ni kubwa, nikachukua chupa mbili za tano na nikaondoka najiona nimeidekeza gari. Kampuni ya ile oili sitaitaja maana oili yenyewe haikuwa mbovu wala feki, ilikuwa oili nzuri iliyowekwa pasipo pake, na aliyeiweka ni mimi.

Miezi ya kwanza hamna kitu, nikasahau. Mwezi wa sita baridi ilipoanza ndo nikaanza kusikia. Unatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, unafika kwenye matuta, unatoa gia ya tatu unataka kuweka ya pili, inasema krrrrr, na ule mtetemo unapanda kwenye rungu la gia mpaka kwenye kiwiko. Ukiibembeleza, ukasubiri kidogo, inaingia. Ikishapata moto inapungua. Ilipofika mwezi wa nane hata ikiwa ya moto inakwaruza tu, ikawa vijana wangu kule nyuma wakiona tuta linakuja wanaanza kuimba krrrrr kabla yangu, watu hawana adabu kabisa.

Fundi wa kwanza akasema klachi haiachii. Tukabadilisha sahani ya klachi, hela ikaenda, kelele ile ile. Fundi wa pili hata hakuinama chini ya gari, alisikiliza nikiwa naingia getini akasema bosi toa hilo dude, weka giaboksi ya Hilux, utanishukuru. Na wapo wengi waliofanya hivyo, siwalaumu, ila mi niliona gari ikishakuwa na injini ya huku na giaboksi ya kule si 109 tena. Fundi wa tatu akasema tumwage oili tuweke 140 nzito, kelele itakufa. Huyo nitamrudia.

Ikabidi niulizie, nikaelekezwa kwa mzee mmoja maeneo ya Unga Limited, ana banda dogo, ujana wake wote ameumalizia kwenye Land Rover. Shikamoo mzee, marahaba, nikaanza kueleza ugonjwa wangu mrefu kuanzia klachi, akanikatisha, "Umeweka oili gani?" Watu watatu walishagusa ile gari na hakuna aliyeniuliza hilo. Chupa ilikuwepo nyuma ya siti, imebaki nusu lita, nikamletea. Akaishika mbali na macho kama wazee wanavyosoma, akatafuta ule mstari mdogo wa nyuma, akasema, "Mwanangu, umempa huyu dawa ya mgonjwa mwingine."

Tukazunguka kidogo mjini gari ipate moto ndo tukamwaga, maana oili ya baridi inatoka nusu na uchafu unabaki chini. Na hapa kuna jambo alilinisisitizia sana, kwamba fungua kwanza nati ya kujazia, ile ya ubavuni, ndipo ufungue ya chini ya kumwagia. Kuna watu wanamwaga kwanza, halafu wanakuta ya kujazia imeganda haifunguki hata kwa nyundo, gari iko tupu, na gereji iko kilomita tano. Akaingiza beseni la plastiki jeupe. Ikatoka oili ina rangi ya molasi na ile harufu yake kali ya kiberiti, tukalivuta beseni juani. Aisee. Mle ndani mlikuwa mnang'aa kama mtu kamwagia pambo la harusi, vumbi la dhahabu linazunguka taratibu. Mzee akatoa sumaku ya spika iliyofungwa kwenye kitambaa, akaizungusha ndani, ikatoka na ndevu za chuma nyeusi kidogo tu, za kawaida kwa umri wa gari. Ile dhahabu ikabaki ndani ya oili, haikushika sumaku hata chembe. "Hiyo si chuma," akasema, "hiyo ni shaba ya njano, ndo ringi zako za sinkro zinaondoka."

Sasa nieleze nilivyoelewa, nimeuliza na nimesoma baadaye, nitajaribu kuweka kwa lugha ya kawaida. GL-4 na GL-5 ni madaraja ya API, wale wa petroli wa Marekani, na namba yake haimaanishi ubora unaopanda kama madarasa ya shule. Inamaanisha kazi. GL-5 imetengenezwa kwa difu (zile gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) za haipoidi, zile ambazo pinieni, gia ndogo inayosukuma, imekaa chini ya katikati ya kraunwili, gia kubwa ya duara inayosukumwa, kwa hiyo meno hayabiringiki tu bali yanasuguana kwa kuteleza huku yamebanwa na uzito wote wa gari. Hapo oili ya kawaida inakamuliwa inakwisha katikati ya meno, chuma kinashika chuma. Kwa hiyo wanaongeza kemikali za salfa na fosforasi, ndo hizo EP mnazoona kwenye chupa, na kazi yake ni kwamba penye joto na mbano mkali zinashikana na uso wa chuma zinatengeneza utando mwembamba, meno yakisagana kinachovuliwa ni utando na chuma kinabaki salama. GL-5 inakuwa na kemikali hizo kama mara mbili ya GL-4.

Kwa chuma na chuma hiyo ni neema. Shida ni shaba. Utando ukishashika kwenye shaba unakuwa mgumu kuliko shaba yenyewe, ukivuliwa unaondoka na kipande cha shaba, kidogo kidogo, kila ukibadilisha gia. Na kuna shida ya pili ambayo kwa maoni yangu ndo iliyoanza kwangu kabla ya ile ya kwanza. Ringi ya sinkro ni breki. Kazi yake ni kuikamata gia inayozunguka, isuguane nayo, mpaka zilingane mwendo ndipo meno yaingiliane kimya. Sasa breki ukiipaka kitu kinachoteleza kupita kiasi haikamati, meno yanakutana yakiwa na spidi tofauti, krrrrr. Ndo maana hata siku za kwanza ukiwa hujapoteza shaba yoyote unaweza kusikia tofauti mkononi.

Wapo watakaosema siku hizi kuna GL-5 zimewekewa kinga ya shaba, na ni kweli, kampuni zina kipimo chake kabisa, wanazamisha kipande cha shaba kwenye oili ya moto halafu wanalinganisha rangi na kadi inayoanzia 1a mpaka 4c, 1a ikiwa haijabadilika sana na 4c imeungua nyeusi. Kwa hiyo siwezi kusema kila GL-5 inakula shaba. Ila swali la utelezi liko palepale. Na ukikuta chupa imeandikwa GL-4/GL-5 kwa pamoja usifurahi haraka, hiyo mara nyingi ni oili ya difu iliyoandikwa hivyo kwamba imefikia na kiwango cha chini yake, haikuambii sinkro zako zitaipenda.

Mi kwa ubishi wangu nikajaribu nyumbani. Waya wa shaba kwangu ni taka, nikakata vipande viwili vya waya wa milimita za mraba 2.5, nikavimenya, nikavisugua na msasa vikang'aa, kimoja nikakitumbukiza kwenye ile nusu lita ya tano iliyobaki na kingine kwenye ile ya nne nitakayoisema hapa chini, vichupa viwili vya jemu, nikaviweka ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa nje. Arusha tuko juu, karibu mita 1,400, maji yetu yanachemka kwenye kama nyuzi 95, kwa hiyo si jaribio la maabara, lakini joto hilo giaboksi yangu ikipanda mlima sidhani kama inalizidi sana. Masaa matano mazima naongeza maji tu. Mama watoto akatoka akauliza nani anachemsha mayai viza, na ile sufuria mpaka leo imehamishiwa kwenye chakula cha mbwa. Matokeo ni kwamba waya wa kwenye nne ulitoka na rangi ya chungwa iliyokolea kidogo. Wa kwenye tano ulitoka kahawia ya giza na madoa ya zambarau. Nimezihifadhi zote mbili kwenye kijiboksi cha fyuzi, mteja akija nyumbani namwonyesha hata kama hajaniuliza.

Haya, sasa oili yenyewe. Kupata GL-4 halisi ilinichukua siku mbili, maduka mengi wanaweka GL-5 kwa sababu magari mengi yanayoingia wanaulizia ya difu. Nikaipata kwa mama mmoja anauza vilainishi tu, Shell Spirax S2 G 80W-90. Angalieni hiyo herufi. Kuna Spirax S2 G na kuna S2 A, zote 80W-90, na ile A ni GL-5 ya difu. G ndo ya giaboksi, GL-4. Hata pale kwa mama mkono wa kwanza alishika A, nikamwambia hapana mama, ile ya jirani yake, akacheka akasema wengi wanachukua bila kusoma. Nililipa 17,000 kwa lita, ile tano nilinunua 14,000, kwa hiyo si bei chee ila hesabu yake ni ndogo. Kama huipati hiyo, TotalEnergies nao wana mpangilio kama huo, Transmission Gear 7 ni ya giaboksi GL-4 na Transmission Axle 7 ni ya difu GL-5. Hiyo sijaitumia, nasema tu majina msichanganye.

Kiasi: giaboksi ya Series III inakula lita 1.5, transfa, kile kisanduku cha gia kilichoungana nayo kinachogawa nguvu mbele na nyuma, inakula 2.5, jumla lita 4 kamili. Na zote mbili wekeni oili ileile, nasisitiza hapa maana wengi wanakosea. Ukisoma kitabu utaona ni chemba mbili tofauti zina nati tofauti, unadhani unaweza kuweka nne huku na tano kule. Kati ya giaboksi na transfa kuna sili, na kwa gari za umri huu sili hiyo karibu zote zimechoka, oili inahama kimyakimya. Mi niligundua hivi, baada ya mwezi nikafungua nati ya giaboksi kuangalia, kidole hakifikii oili, imepungua, na chini ya gari hamna tone. Nikajua nimelogwa. Mzee akaniambia fungua ya transfa, nikafungua, ikamwagika mpaka kwenye mkono wa shati, ilikuwa imejaa kupita kiasi. Oili haikupotea, ilihamia chumba cha pili. Na huko transfa nako kuna washa na bushi za shaba nyeusi, kwa hiyo ukiweka tano kule umefanya dhambi ileile kwa mlango wa nyuma.

Tulivyofanya ni hivi, tukajaza nne, nikaendesha kama kilomita 500, tukamwaga tena, tukajaza nyingine mpya. Lita 8, shilingi 136,000. Fundi mwingine angenisuuzia na dizeli, mzee alikataa, akasema dizeli haitoki yote, inabaki kwenye vikona inakuja kulainisha oili mpya, na hiyo lita 4 ya kusuuza ni rahisi kuliko beringi. Kujaza unatumia chupa yenye mdomo mrefu au bomba la sindano kubwa, gari iwe imesimama tambarare, unajaza mpaka oili inaanza kutiririka kwenye ukingo wa tundu, unaiacha itiririke mpaka iwe matone, unafunga. Usijaze kwa hesabu ya kichwa.

Baada ya hapo? Nisiwadanganye, siku ya kwanza nilitegemea muujiza na haukuja. Ya pili ilikwaruza kama jana yake. Nadhani ile ya zamani ilikuwa bado imeshika kila mahali. Baada ya ile ya pili kumwagwa na kujazwa ndo nikasikia, kwanza kutoka ya tatu kwenda ya nne, ile gia ikawa inaingia yenyewe kama mtu anayevutwa mkono, halafu ya pili ikawa inakwaruza asubuhi tu, matuta mawili matatu ya kwanza, halafu kimya. Oktoba ya mwaka huohuo lilikuwepo lile tamasha la Land Rover hapa Arusha, nikaenda nayo ikiwa imeoshwa mpaka chini, na katikati ya magari yote yale nikawa nauliza kila mwenye Series anaweka oili gani. Majibu: "EP 90." EP 90 ya nini, GL ngapi? "EP 90 tu." Na kitabu cha zamani kweli kinasema EP 90 kila mahali, giaboksi, transfa, difu, mpaka kwenye yale matufe ya magurudumu ya mbele, kwa sababu enzi hizo ukisema EP 90 kila mtu alijua unaongelea nini. Leo ukienda dukani ukasema EP 90 unaweza kupewa yoyote kati ya hizi mbili, na kijana wa kaunta hajakosea.

Jaribio langu la kweli ni njia ya Karatu. Kilomita 140 na ushee, Makuyuni unakata kulia, tambarare mpaka Mto wa Mbu, halafu unaanza kupanda ule ukuta wa bonde juu ya Ziwa Manyara, na mi nakuwa na mzigo wa nguzo na nyaya. Pale 109 yangu inaishi kati ya tatu na pili, juu chini juu chini, na nyuma yako kuna msururu wa magari ya watalii wanakuona wewe ndo ajali. Mwezi wa nane 2024 pale nilikuwa napiga dabo klachi, yaani kukanyaga klachi mara mbili, kila gia kama dereva wa Series II, maana wale wa II na IIA wana sinkro kwenye ya tatu na ya nne tu, wamezoea. Mwaka uliofuata mwezi wa tatu nikapanda palepale kwa mzigo uleule, nikabadilisha gia kama binadamu wa kawaida, mara moja tu ndo ilikwaruza na hiyo ilikuwa haraka yangu.

Shaba iliyoondoka haijarudi. Miezi kumi sasa, asubuhi za baridi ya pili bado inanikumbusha, na mzee ameshaniambia siku moja giaboksi itashushwa ringi zibadilishwe. Ila nilipomwaga kidogo juzi kuangalia, beseni lilelile, jua lilelile, vumbi la dhahabu lilikuwepo chembe za kuhesabu. Kwa giaboksi ya Series III naipa Spirax S2 G nane kati ya kumi. Mbili nazikata kwa kuwa ni shida kuipata kwa lita mojamoja, mara nyingi unaambiwa chukua ndoo ya lita 20, mtu mwenye gari moja ndoo ya nini.

Na ile tano? Sikuitupa. Kwenye difu ndo kwao. Difu ya mbele lita 1.75, ya nyuma yangu ni ile aina inayoitwa Salisbury, inakula 2.5, hiyo ni haipoidi kabisa na GL-5 inaipenda. Nikarudi duka lilelile, kijana yuleyule, nikamwambia nipe lita tano za GL-5. Akatabasamu mpaka jino la mwisho, "Si nilikwambia bro!" Nikalipa nikaondoka, sikuwa na nguvu ya kuanza kueleza. Kwenye difu ya mbele tulipomwaga ilitoka imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia masika ile ya mafuriko nilipovuka korongo bila kufikiri, kwa hiyo wenye gari za kuvuka maji msingoje kilomita zitimie, mkishavuka fungueni nati muangalie rangi.

Yule fundi wa 140 niliahidi kumrudia. 140 kweli inapunguza kelele, mi sibishi, oili nzito inaziba sauti kama blanketi. Ila asubuhi ya mwezi wa saba ni kama uji wa ulezi uliolala, gia hazitaki kuingia na sinkro inashindwa kuikata ile oili mpaka ipate moto. Na kuna watu wanaogopa hata hiyo 90 wakidhani ni nzito mara mbili ya 40 ya injini. Hapana, vipimo vya gia na vya injini ni rula mbili tofauti, oili ya gia ya 90 uzito wake unakaribiana na 40 au 50 ya injini tu. Kwa baridi na joto letu 80W-90 inatosha kabisa.

Na msichukue haya mkayapeleka kwenye kila gari la zamani. Jirani yangu ana Peugeot 504, aliponiona na zile chupa akaja na kikombe, nipunguzie na mimi niweke kwenye giaboksi. Nikamwambia kaka, giaboksi ya 504 inakunywa oili ya injini, angalia kitabu chako, hii ya gia peleka kwenye difu tu na iwe tano. Hakuniamini, akaenda kwa fundi wake, akarudi kimya kimya jioni. Mwenye Kobe la Volkswagen naye ana habari yake, giaboksi na difu viko chumba kimoja wanashiriki oili moja, lita 2.5 hivi ukibadilisha, GL-4 ya 90, na nati zake zinataka spana ya alen ya 17 ambayo mafundi wengi hawana wanaenda kuziharibu kwa patasi. Na ile Mini ya zamani ya Waingereza ndo kabisa, gia zinaogelea kwenye oili ya injini.

Sili ya kati ya giaboksi na transfa bado sijabadilisha. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nafungua nati mbili, nanyonya kwa bomba la sindano kutoka chumba cha pili, narudisha chumba cha kwanza, dakika ishirini, vijana wanasema namnyonyesha mtoto. Nimebakiza chupa moja ya nne nyuma ya siti, nimeiandika kwa maka nyeusi GIABOKSI TU, maana wiki iliyopita nilimkuta mmoja wao anataka kuipaka kwenye bawaba za geti.